Makato ya matunzo ya uzeeni: Hesabu kwanza, bima baadaye

SOMO la wiki hii linatoka jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Huko, katika miezi michache ya mwaka 2021, mamia ya maelfu ya wafanyakazi walikimbilia kukata bima ya matunzo ya muda mrefu, bidhaa ambayo kwa kawaida mawakala huhangaika sana kuiuza. Hawakuwa wameanza ghafla kuogopa uzee. Walikuwa wakikwepa makato ya senti 58 kwa kila dola 100 za mshahara.

Kampuni za bima zilizidiwa na maombi. Baadhi zilisimamisha mauzo katika jimbo hilo hata kabla ya siku ya mwisho, Novemba 1, 2021, kwa sababu moja ya kibiashara iliyo wazi: ziliona kwamba mteja wa aina hii anataka karatasi na hana haja na bima. Atalipa ada ya miezi michache, apate barua ya msamaha wa makato, kisha aiache hati ife. Sheria ya wakati ule haikumlazimisha aendelee kuilipia. Waliopata msamaha kwa njia hiyo walikaribia nusu milioni.

Jambo hili lingeweza kuachiwa Wamarekani wenyewe lau si kwamba miji ya kusini mwa Seattle, kama Kent na Tacoma, ina Wakenya na Waafrika Mashariki wengine wengi, na kutunza wazee ni moja ya kazi zinazowapa riziki. Wanakatwa mishahara, na hapo hapo wao ndio wanaolipwa kwa matunzo hayo. Aidha, mwekezaji mdogo popote alipo ana la kujifunza hapa kuhusu bima iliyopangiwa bei vibaya, na kuhusu uamuzi wa fedha unaofanywa kwa kuikimbiza tarehe.

Nani hulipa mtu akizeeka

Matunzo ya muda mrefu si matibabu. Ni kumsaidia mtu kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kumwangalia aliyepotewa na kumbukumbu asitoke nje usiku. Kwetu kazi hii hufanywa na binti, mkaza mwana au msichana wa kazi, na gharama yake haiandikwi popote. Marekani nako sehemu kubwa hufanywa na jamaa bila malipo, lakini jamaa wakishindwa, bei yake ni ya kutisha. Utafiti wa bei wa kampuni ya Genworth wa mwaka 2024 ulionyesha kuwa chumba cha mtu mmoja katika makao ya wazee yenye uuguzi kiligharimu dola 127,750 kwa mwaka, kwa bei ya katikati ya nchi nzima. Hiyo ni dola 350 kwa siku. Makazi ya wazee wanaohitaji msaada mdogo yalikuwa dola 70,800 kwa mwaka.

Wengi hudhani kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa waliofikisha miaka 65, italipa. Hailipi. Medicare hugharimia uuguzi wa kitaalamu kwa siku zisizozidi 100 baada ya mgonjwa kulazwa hospitalini, na kuanzia siku ya 21 mgonjwa huchangia. Kuogeshwa na kulishwa kwa miaka minne si kazi yake.

Anayelipa ni Medicaid, mpango wa watu maskini. Ndio mlipaji mkubwa kuliko wote wa matunzo ya aina hii nchini Marekani, lakini mlangoni pake mtu huingia akiwa ameshamaliza alicho nacho. Katika majimbo mengi, Washington likiwamo, mtu asiye na mwenzi anatakiwa abaki na mali isiyozidi dola 2,000, mbali na nyumba anayoishi na vitu vichache vilivyoruhusiwa. Mali aliyowagawia watoto katika miaka mitano iliyotangulia huhesabiwa dhidi yake. Akifa, jimbo linaweza kudai fedha zake kutoka kwenye mirathi, na nyumba ile iliyoachwa ndiyo inayolengwa. Mhamiaji mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu mara nyingi husubiri miaka mitano kabla ya kukubaliwa.

Kwa hiyo mtu wa kipato cha kati anabanwa. Tajiri hulipa mwenyewe, maskini hulipiwa, na yule aliyeweka akiba ya dola laki mbili kwa miaka thelathini huiona ikiisha kwa mwaka mmoja na nusu.

Senti 58

Ndipo Bunge la Washington lilipopitisha sheria mwaka 2019 ya kuanzisha mfuko wa jimbo unaojulikana kama WA Cares. Makato ni asilimia 0.58 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Yalikuwa yaanze Januari 2022, yakaahirishwa, na hatimaye yakaanza Julai 1, 2023. Fao ni dola 36,500 kwa maisha yote ya mchangiaji, kiasi ambacho sheria inaruhusu kiongezwe kufuata mfumuko wa bei. Siku iliyowekwa ya kuanza kulipa mafao ni Julai 1, 2026.

Kustahili kuna masharti. Mtu awe amechangia miaka kumi bila kukatisha kwa miaka mitano mfululizo, au awe amechangia mitatu kati ya sita ya mwisho kabla ya kuomba, na mwaka huhesabiwa endapo amefanya kazi saa 500 au zaidi. Waliozaliwa kabla ya 1968 hupata sehemu ya kumi ya fao kwa kila mwaka waliochangia. Anayeomba lazima awe anahitaji msaada katika shughuli tatu au zaidi za kila siku. Fedha hizo zinaweza kumlipa mtunzaji wa nyumbani, hata akiwa ni mwanafamilia, zinaweza kununua vifaa au kutengeneza bafu la mtu asiyeweza kusimama, na zinaweza kulipia makao.

Sasa iangaliwe hesabu. Msaidizi wa wagonjwa anayepata dola 45,000 kwa mwaka hukatwa dola 261. Akifanya kazi miaka 35 kwa mshahara huo huo atakuwa ametoa dola 9,135, na fao analotazamia ni mara nne ya hapo. Mtaalamu wa kompyuta wa Seattle mwenye mshahara wa dola 300,000 hukatwa dola 1,740 kwa mwaka. Baada ya miaka 20 ametoa dola 34,800, karibu sawa na fao lote, na fao lake halizidi la yule msaidizi hata kwa senti moja. Haishangazi basi kwamba mwenye mshahara mnono alikuwa na kila sababu ya kukimbia mwaka 2021, na kwamba kukimbia kwake kuliupunguzia mfuko michango mingi kuliko madai.

Ikumbukwe pia kwamba asilimia 0.58 imeandikwa kuwa ndiyo dari; kuanzia 2026 kiwango hupangwa kila baada ya miaka miwili bila kuvuka hapo. Dari ya sheria hata hivyo ni ya sheria tu. Ujerumani ilianza bima yake ya lazima ya matunzo mwaka 1995 kwa asilimia 1 ya mshahara, na mwaka 2025 kiwango kilikuwa asilimia 3.6, huku wasio na watoto wakiongezewa asilimia 0.6. Wazee wakiongezeka na wachangiaji wakipungua, lazima kimoja kisogee: ama makato ama mafao.

Chama cha kuzikana kisicho na lango

Wapinzani wa mfuko walitaka makato yawe ya hiari. Jambo hilo lilipelekwa kwenye kura ya wananchi Novemba 2024, likashindwa. Wapiga kura wapatao 55 katika kila 100 walikataa. Kwa mtazamo wa mfanyabiashara hoja ya hiari inavutia, kwani nani apendaye kukatwa? Lakini kitaalamu ina shimo.

Chukua mfano wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaani. Kikiruhusu mtu ajiunge wiki ile ambayo mama yake amezidiwa, atajiunga. Mwenye wazazi wazima ataona anachangia misiba ya wengine, atajitoa. Mwisho wa mwaka chama kinabaki na wafiwa watupu na sanduku tupu. Ndiyo maana vyama vingi huweka miezi ya kusubiri kabla ya mwanachama mpya kuhudumiwa.

Serikali kuu ya Marekani ilijaribu njia ya hiari. Sheria kubwa ya afya ya mwaka 2010 ilikuwa na kipengele kilichoitwa CLASS, mpango wa matunzo ambao mfanyakazi angejiunga akipenda, na mgonjwa asingeweza kukataliwa. Oktoba 2011 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba haikuona namna ya kuuendesha bila hasara, na Januari 2013 kipengele kikafutwa kabla ya kumlipa mtu yeyote. Washington waliusoma mkasa huo wakachagua lazima, kisha wakaacha dirisha wazi kwa wenye bima binafsi, na kupitia dirisha hilo ndipo karibu nusu milioni wakatoka. Huwezi kuziba mlango halafu ukaacha dirisha la ukubwa ule ule.

Bima binafsi ilivyojiumiza

Je, waliokata bima binafsi walipata kitu bora? Hapa msomaji mwenye hisa azingatie, kwa kuwa ni moja ya hesabu mbaya zaidi zilizowahi kufanywa na kampuni za bima.

Katika miaka ya 1990 kampuni zaidi ya mia moja ziliuza bima hii Marekani. Zilipopanga bei, zilikisia mambo matatu. La kwanza, kwamba wateja wengi wangechoka kulipa na kuacha hati zife, hivyo ada zao zingebaki kama faida. La pili, kwamba hatifungani za serikali zingeendelea kutoa riba nzuri. Mwaka 1990 hatifungani ya miaka kumi ilikuwa ikitoa zaidi ya asilimia 8. La tatu, kwamba wazee wangekufa kwa kasi ile ile ya zamani.

Yote matatu yaligeuka. Wateja walishikilia hati zao kwa mikono miwili, maana mtu anayekata bima ya uzee ni mtu wa mipango. Riba ilishuka hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2012 na zaidi ya hapo baadaye. Wazee waliishi, na wengi wao waliishi na maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, ambayo hula matunzo kwa miaka mingi bila kuua haraka. Kila kosa moja lingevumilika. Yalikuja pamoja.

Januari 2018 kampuni ya General Electric, ambayo wenye hisa wengi waliijua kwa injini za ndege na balbu, ilitangaza hasara ya dola bilioni 6.2 baada ya kodi na kwamba ingetia dola bilioni 15 kwa miaka saba kwenye akiba ya madai. Chanzo kilikuwa hati za matunzo za miaka ya nyuma ambazo kampuni zake tanzu zilikuwa zimekubali kubeba kutoka kwa wengine. Mwaka mmoja kabla yake, Machi 2017, mahakama ya Pennsylvania iliamuru kampuni ya Penn Treaty ifilisiwe, ikiwa na wateja wapatao 76,000. Wateja hao waliangukia kwenye mifuko ya dhamana ya majimbo, ambayo katika majimbo mengi haifidii zaidi ya dola 300,000 kwa mtu mmoja.

Waliobaki na kampuni hai hawakupona kabisa. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa California, CalPERS, ulianza kuuza bima hii mwaka 1995, na baadaye ukawapandishia ada kwa asilimia 85 wale walionunua hati bora zaidi. Wengine walikuwa wamestaafu na pensheni yao haikupanda kwa kiasi hicho. Kesi iliyofuata ilidumu miaka kumi. Mpango wa watumishi wa serikali kuu nao ulipandisha ada mwaka 2016 kwa wastani wa asilimia 83, na Desemba 2022 ukasimamisha kupokea wanachama wapya. Ikumbukwe kwamba mkataba wa bima hii humzuia mwenye kampuni kumpandishia mteja mmoja peke yake, lakini haumzuii kuwapandishia wote wa kundi moja kwa kibali cha msimamizi wa bima wa jimbo. Maneno hayo huwa kwenye kurasa za ndani, kwa herufi ndogo.

Leo wauzaji wakubwa wamebaki wachache sana, na bei ya sasa imepangwa kwa makisio ya tahadhari zaidi. Aliyekata bima juzi hayumo katika hatari ile ile ya aliyekata mwaka 1995. Analipa zaidi tangu mwanzo, na akiwa mwanamke analipa zaidi ya mwanamume, kwa kuwa kampuni zimeacha bei moja kwa wote.

Mwanzo wa gharama na mwisho wake

Kosa kubwa la mwaka 2021 lilikuwa kuuliza ni kipi bora, makato au bima, kana kwamba vinafanya kazi moja. Havifanyi. Kwa bei ya dola 350 kwa siku, dola 36,500 za jimbo huisha baada ya siku 104. Fao la jimbo ni kwa ajili ya mwanzo wa gharama.

Kinachofilisi familia ni mwisho wake. Takwimu za Wizara ya Afya ya Marekani zinaonyesha kuwa karibu watu 70 katika kila 100 wanaofikisha miaka 65 watahitaji matunzo ya namna fulani, na wapatao 20 watayahitaji kwa zaidi ya miaka mitano. Wanawake huyahitaji kwa miaka 3.7 kwa wastani, wanaume 2.2. Wastani huo usimdanganye mtu. Hakuna anayeuguzwa kwa wastani. Mmoja huhitaji miezi miwili, mwingine miaka tisa.

Hati ya kawaida ya bima binafsi huwa na siku 90 za kusubiri, ambazo mteja hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kutoa fedha. Siku 90 kwa dola 350 ni dola 31,500. Yaani fao la jimbo linatosha kuziba pengo lile lile ambalo bima binafsi huliacha. Aliyejitoa kwenye mfuko ili akate bima alijinyima sehemu ya kwanza ya gharama na akabaki na hati inayoanzia siku ya 91. Kwa msaidizi wa wagonjwa wa dola 45,000, hilo lilikuwa biashara mbovu. Kwa mtaalamu wa dola 300,000 mwenye akiba ya kutosha kujilipia miezi mitatu, lilikuwa na mantiki. Wakala aliyewauzia wote wawili maneno yale yale alimtendea haki mmoja tu.

Tahadhari moja. Vipimo vya kustahili havilingani. Jimbo linataka shughuli tatu katika orodha yake ndefu. Hati nyingi za binafsi zinazofuata sheria ya kodi ya 1996 zinataka shughuli mbili kati ya sita kwa muda unaotarajiwa kufika siku 90, au upotevu mkubwa wa akili. Mgonjwa anaweza kukubaliwa upande mmoja na kukataliwa upande wa pili kwa miezi kadhaa, kwa hiyo akiba ya mkononi bado inahitajika.

Mfumuko wa bei nao ni adui. Hati inayotoa dola 200 kwa siku kwa miaka mitatu, jumla dola 219,000, inaonekana nono leo. Bei zikipanda kwa asilimia 3 tu kila mwaka, siku ya dola 350 itakuwa dola 733 baada ya miaka 25, na zile 200 zitalipia kidogo zaidi ya robo yake. Kipengele cha kuongeza fao kila mwaka huipandisha ada sana, na ndicho ambacho mnunuzi wa haraka hukikata kwanza. Anayekikata akiwa na miaka 45 amenunua bima ya leo kwa ajili ya ugonjwa wa mwaka 2050.

Wapo wanaosema, bora fedha hizo ziwekezwe. Ichukuliwe ada ya kukisia ya dola 2,500 kwa mwaka, iwekwe mahali panapotoa asilimia 5 kwa miaka 25. Itafika takriban dola 119,300. Ni fedha ya mwenyewe, akifa ghafla watoto wanairithi, ilhali ada ya bima huwa imekwenda. Lakini haifikii gharama ya mwaka mmoja katika makao ya leo, achilia mbali ya wakati huo. Kujiwekea kunamfaa yule ambaye tayari ana mtaji mkubwa unaoweza kupigwa na miaka mitano mibaya ukasimama. Kwa wa katikati, njia inayozungumzwa sana na washauri ni hati ndogo ya miaka miwili au mitatu iliyo katika mpango wa ushirika kati ya jimbo na kampuni za bima, ambao upo katika majimbo mengi: kila dola ambayo bima imelipa humruhusu mwenye hati kubaki na dola nyingine ya mali yake akiingia Medicaid.

Uvumi wa majimbo mengine

California iliunda kamati ya kuchunguza mfuko kama huu kwa sheria ya mwaka 2019, na ripoti ya wataalamu wa hesabu za bima ikatolewa mwishoni mwa 2023. New York iliwahi kupokea muswada mwaka 2022. Katika majimbo hayo mawakala walikwishaanza kupiga simu: kata bima kabla kodi haijaja. Huenda ikaja, huenda isije. Sheria inaweza kuweka tarehe ya msamaha iliyokwishapita, au kudai uthibitisho kila mwaka kwamba hati bado hai. Anayekata bima ya maisha yote kwa kutegemea kipengele cha muswada ambao haujasomwa bungeni anacheza kamari kwa ada. Bima ikimfaa bila kodi, aikate sasa akiwa na afya, maana ugonjwa wa kisukari au kiharusi kidogo hutosha kumfungia mlango. Isipomfaa bila kodi, haitamfaa kwa ajili ya kodi.

Kwa walio Washington, mambo machache ya utaratibu yanagharimu watu fedha. Barua ya msamaha haimfuati mtu yenyewe. Anapobadilisha kazi lazima ampe mwajiri mpya nakala, la sivyo atakatwa kihalali. Wenye viza ya kazi ya muda wanaweza kusamehewa, lakini wakipata ukaaji wa kudumu msamaha huisha, na wana siku 90 za kutoa taarifa. Anayejiajiri, dereva wa teksi au mwenye duka, hakatwi asipojiandikisha mwenyewe. Marekebisho ya mwaka 2025 yaliwafungulia mlango wa kurudi wale waliojitoa kwa bima binafsi. Na sheria ya 2024 iliyomruhusu mchangiaji kubaki na fao lake akihama iliandikwa kwa kumfikiria mtu anayehamia jimbo jingine. Anayepanga kuzeekea Moshi au Nyeri aulize ofisi ya mfuko kwa maandishi na atunze jibu.

Nyumba za Kent

Wamo Waafrika Mashariki wanaomiliki nyumba za familia za kutunzia watu wazima, zenye leseni ya jimbo kwa wakazi sita, na kwa kibali maalumu hadi wanane. Kwao fao la jimbo ni mapato mapya, sharti wajiandikishe kuwa watoa huduma wanaotambuliwa na mfuko. Hesabu yao lakini isiishie mwezi wa kwanza. Nyumba inayotoza, tuseme, dola 8,000 kwa mwezi itamaliza fao la mkazi mmoja katika miezi minne na nusu. Mwezi wa tano mzee yule yule, katika chumba kile kile, atakuwa analipiwa na watoto wake au na Medicaid, ambayo kiwango chake kwa kawaida ni cha chini kuliko cha mteja wa fedha taslimu. Mwenye nyumba anayekopa benki ili aongeze vyumba apeleke hesabu ya mwezi wa tano, si ya mwezi wa kwanza, na swali la nani atalipa baada ya fao kwisha aliulize siku mkazi anapopokelewa, wakati watoto wake wote wako mezani.